Santuri za swingi na besiboli: je, uhusiano wake ni wa kweli au ni wa kukutana zama tu?

Santuri78 (mwanzilishi wa mada)

Salaam kwenu, wapenzi wa muziki. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya santuri za swingi, ule muziki wa jazi wa bendi kubwa za kuchezea dansi: zile santuri nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja hubeba dakika tatu na ushei tu, na ambazo ukizidondosha hupasuka kama sahani ya udongo. Nilianza na bendi ya Count Basie, nikaenda kwa ile ya Duke Ellington, na sasa rafu haina nafasi.

Tangu nihamie St. Louis, moyo wangu umepata pendo la pili. Jirani yangu, mzee aliyevuka miaka themanini, huketi barazani kila jioni ya kiangazi akisikiliza besiboli redioni. Mwanzoni niliketi naye kwa heshima tu, kisha nikanogewa. Alinieleza taratibu kwamba kila upande una wachezaji tisa, kwamba mmoja hurusha na mwingine hupiga kwa gongo, kwamba mpigaji hukimbia kuzunguka vituo vitatu hadi arudi alikoanzia, na kwamba mchezo hauongozwi na saa: kwa kawaida unaisha pande zote mbili zikishamaliza awamu zao tisa za kupiga, na kila awamu hufungwa wapigaji watatu wanapotolewa, hata kama ni usiku wa manane.

Mwezi uliopita nilipata santuri ya bendi ya Les Brown ya mwaka 1941, ambamo Betty Bonney anaimba habari za Joe DiMaggio wa New York Yankees, aliyefaulu kupiga katika michezo 56 mfululizo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 16 Julai mwaka huohuo. Nilimchezea mzee santuri ile, naye akaanza kunitajia wachezaji wa zama za baba yake kana kwamba anawataja ndugu zake wa damu. Ndipo swali likanijia. Je, swingi na besiboli vina uhusiano wa ndani, au ni vitu viwili vilivyopendwa na watu walewale katika miaka ileile? Na kama uhusiano upo, ni santuri zipi nizisikilize ili niusikie kwa masikio yangu?

Mpiga_Tromboni

Ndugu Santuri78, karibu sana, na hongera kwa jirani wa namna hiyo. Uhusiano upo, na bahati nzuri unaishi katika jimbo ambalo mtu anaweza kuutembelea kwa miguu. Endesha gari kama saa nne kuelekea magharibi, ufike Kansas City, kwenye kona ya mtaa wa 18 na mtaa wa Vine. Pale jumba la makumbusho ya jazi na jumba la makumbusho ya ligi za besiboli za Wamarekani weusi yako chini ya paa moja. Hawakuyaweka pamoja kwa kubana matumizi. Mtaa wenyewe ulikuwa hivyo: mwendo mfupi kutoka hapo ndipo Rube Foster na wenzake walipokutana mwezi Februari mwaka 1920 wakaunda Negro National League, ligi ya besiboli ya weusi, na miaka ya thelathini mitaa hiyohiyo ilikuwa na kumbi ambazo wanamuziki walipiga hadi kunapambazuka.

Timu ya mji huo, Kansas City Monarchs, na bendi za mji huo waliishi maisha ya aina moja. Wote walisafiri kwa basi mji hadi mji, wote walikataliwa hotelini na mikahawani kwa sababu ya rangi yao, na wote waliwategemea watu weusi wa kila mji kwa chakula na malazi. Nitaje jambo moja ambalo hunigusa kila nikilifikiria. Mwaka 1930 Monarchs walianza kusafiri na taa zao wenyewe: milingoti iliyofungwa juu ya malori, pamoja na jenereta ya kuziwasha, ili wafanyakazi waweze kutazama mchezo baada ya kutoka kazini. Ligi kuu za wazungu hazikucheza usiku hadi Mei 1935, huko Cincinnati. Hebu fikiria mji mdogo usio na burudani, watu weusi wanashuka na malori, wanasimamisha nguzo, na uwanja mzima unang'aa.

Kwa kusikiliza, anza na "One O'Clock Jump" ya Basie, iliyorekodiwa tarehe 7 Julai 1937. Hakuna neno hata moja la besiboli ndani yake, lakini ndiyo sauti ya mji ule. Wengi wa waliopiga siku ile walitoka na Basie Kansas City.

Binti_Ngamiani

Nakubaliana na kaka Mpiga_Tromboni kuhusu Kansas City, ila naona santuri inayojibu swali kwa uwazi zaidi ni ya mwaka 1949, "Did You See Jackie Robinson Hit That Ball?" Wimbo ni wa Buddy Johnson, ambaye aliurekodi na bendi yake, na mwaka huohuo Count Basie naye akaurekodi, Taps Miller akiimba. Tafuta zote mbili.

Ili uuelewe ni lazima ujue kilichotangulia. Kwa zaidi ya miaka sitini ligi kuu hazikumruhusu mchezaji yeyote mweusi, mpaka tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson, aliyekuwa amechezea Monarchs mwaka 1945, alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Mwaka 1949, mwaka wa wimbo, alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Wimbo haumtaji peke yake: unawataja pia Satchel Paige, Roy Campanella, Don Newcombe na Larry Doby, na yeyote aliyeusikia wakati ule alijua kwamba miaka mitatu nyuma hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nafasi katika ligi hizo. Ni wimbo wa kuchezea dansi, wenye furaha tele, na furaha yenyewe ndiyo habari.

Sasa linganisha na muziki. Julai 1935 Benny Goodman, mpiga klarineti mweupe, alirekodi na Teddy Wilson kwenye piano na Gene Krupa kwenye ngoma, na mwaka 1936 Lionel Hampton akaongezeka na vibrafoni yake, wakawa wanne: weupe wawili na weusi wawili, si studioni tu bali jukwaani mbele ya watu. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi kabla ya Robinson. Mimi nikisikiliza Wilson na Goodman wakipokezana, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi kwa adabu, nahisi nasikia uwanja ambao besiboli ilikuwa bado haijathubutu kuufungua. Kwa kweli hata bendi nyingi hazikuthubutu, na wale waliothubutu walilipia ujasiri huo barabarani, kwa matusi na milango iliyofungwa.

MzeeWaDansi

Wanangu, mmesema vema. Niongeze kitu ambacho kinatuhusu hata sisi wa huku. Neno lenyewe "jazz" linaonekana kuchapishwa kwanza katika habari za besiboli kabla ya kuwa jina la muziki. Mwaka 1912 gazeti la Los Angeles lilimnukuu mrushaji aitwaye Ben Henderson akiutumia msamiati huo kwa namna mpya ya kurusha mpira, na mwaka 1913 gazeti la San Francisco lililitumia mara kwa mara kueleza nguvu na uchangamfu wa wachezaji wa timu ya mji huo. Muziki ulilichukua huko Chicago miaka miwili hivi baadaye.

Basi neno lililotoka kwenye uwanja wa besiboli wa California likasafiri na santuri hadi likafika kwetu, tukawa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Kilwa Jazz, ingawa magitaa yetu yalikuwa yakipiga rumba. Nilikuwa nikicheza muziki wa bendi hizo ujanani bila kujua asili ya jina, na nilipoijua nilifurahi sana.

Wanamuziki wenyewe waliupenda mchezo kwa dhati. Louis Armstrong aliigharamia timu ya New Orleans mwaka 1931, ikaitwa Armstrong's Secret Nine. Duke Ellington alipokuwa mtoto huko Washington aliuza karanga uwanjani. Cab Calloway alikuwa na timu ya wanabendi wake. Na kwa kuwa uko St. Louis, mwambie jirani yako kwamba Harry James, yule mpiga tarumbeta, alikuwa shabiki mkubwa wa Cardinals, timu ya mji wenu, na bendi yake nayo ilikuwa na timu iliyocheza besiboli safarini.

Santuri78

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Jana usiku niliiweka "One O'Clock Jump" nikiwa na mzee pembeni, nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nilihesabu. Basie anafungua kwa piano, ufunguo wa muziki unabadilika, halafu Herschel Evans anapokea kwa saksafoni, George Hunt kwa tromboni, Lester Young kwa saksafoni, Buck Clayton kwa tarumbeta, kila mmoja mizani kumi na miwili na si zaidi, kisha Basie anarudi kwa noti chache sana huku besi ya Walter Page ikitembea chini yake, ndipo bendi nzima inaingia. Mzee alicheka akasema, "Hii ni orodha ya wapigaji." Kila mtu anajua zamu yake, anaingia peke yake mbele ya wote, na asipofanya kitu hakuna wa kumficha. Nimeisikiliza santuri hii mara zisizo na idadi, na sikuwahi kuisikia hivyo.

Mkutubi_Mstaafu

Ndugu yangu, naomba nitoe tahadhari moja kwa mapenzi ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Tusiridhike na santuri za studio pekee. Dakika tatu zilikuwa kipimo cha sahani, hazikuwa kipimo cha bendi. Ukumbini bendi ilikuwa huru kama besiboli isivyofungwa na saa, na ushahidi upo. Tarehe 7 Novemba 1940 vijana wawili, Jack Towers na Dick Burris, walibeba mashine yao ya kurekodia hadi kwenye ukumbi wa dansi huko Fargo, North Dakota, wakairekodi bendi ya Ellington ikiwa na Ben Webster kwenye saksafoni na Jimmy Blanton kwenye besi. Unasikia watu wakizungumza, unasikia bendi ikijinyoosha. Halafu kuna fundi Bill Savory, aliyekuwa akirekodi matangazo ya redio ya miaka ya thelathini. Hazina yake ilinunuliwa na makumbusho ya jazi ya Harlem mwaka 2010.

Na kumbuka pengo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi, na kampuni mbili kubwa za santuri hazikukubaliana nacho hadi Novemba 1944. Ni miaka ileile ambayo DiMaggio na wengine wengi walikuwa jeshini. Kilichotuokoa ni V-Disc, santuri pana zilizotengenezwa kwa ajili ya askari, zenye nafasi ya dakika sita na ushei kwa upande.

Upande wa besiboli ya weusi, hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa michezo mingi haikuandikwa kikamilifu. Watafiti walipekua magazeti kwa miongo, na ni mwaka 2024 tu ndipo takwimu za ligi hizo zilipoingizwa katika daftari rasmi la ligi kuu, na Josh Gibson, mpigaji wa ligi za weusi, akawa kinara wa wastani wa kupiga wa maisha (sehemu ya majaribio yake ya kupiga yaliyofaulu) kwa 0.372, mbele ya Ty Cobb wa ligi kuu. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya siku ya Robinson. Lester Young tunaweza kumsikia leo jioni tukitaka. Gibson tumebaki na namba, na maneno ya waliomwona.

Santuri78

Nimemsomea mzee maneno haya ya mwisho. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba baba yake alimwona Gibson akicheza, na kwamba kila aliposimulia hakuanza na pigo, alianza na sauti ya gongo lilipokutana na mpira. Jumamosi tunakwenda Kansas City pamoja.