Mume wangu ameitwa uinjilisti Simanjiro, mama mkwe anabaki kihambani (shamba la ukoo). Tufanyeje?

Mama wa Kiborloni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mume wangu amemaliza masomo ya uinjilisti, na sasa usharika umeombwa umtoe aende kuanzisha mtaa, yaani tawi la usharika, wilayani Simanjiro, mbele kabisa ya mji wa Orkesumet, kwa wafugaji wa Kimaasai. Yeye ameshaitika. Mimi sijakataa, ila nina mzigo.

Mume wangu ni kitinda mimba. Wachagga mnajua maana yake: nyumba ya wazazi ni yake, na mama ni wake. Mama mkwe yuko Old Moshi, magoti yamechoka, macho yanafifia. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na majani yake anakata mume wangu kabla hakujapambazuka vizuri. Baba mkwe amezikwa pale pale kwenye migomba. Shemeji zangu wako Dar. Wanapiga simu, Desemba wanakuja, Januari wameondoka.

Mama hajatuzuia. Tulipomweleza alisema tu, "Nendeni, Mungu yupo," akaendelea kumenya ndizi, wala hakuinua macho. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Mimi nina cherehani yangu sokoni Kiborloni, napunguza suruali za mitumba, na wateja wananijua. Hiyo naweza kuiacha. Lakini nikisoma Mwanzo 12, Abramu anaambiwa atoke nyumbani mwa baba yake. Nikifungua 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Nishike lipi? Naomba wenye uzoefu wanijibu. Maneno ya kunifariji peke yake hayatanisaidia.

Shujaa wa Maombi

Dada, Mungu akiita hatuangalii nyuma. Abramu alikuwa na miaka 75, akafunga mizigo, hakuuliza nani atabaki na nani. Hiyo sauti ya kukurudisha nyuma ikemee kwa jina la Yesu. Nendeni!

Mwinjilisti Mstaafu

Mpendwa wa hapo juu, taratibu. Anachokitaja huyu mama ni mzazi wake, si pepo wa kukemewa.

Soma na Mwanzo 11. Safari ya kwenda Kanaani aliianza Tera mwenyewe, akaishia Harani, akafa huko. Stefano katika Matendo 7:4 anasema Abramu alitoka Harani baada ya baba yake kufa. Kwa hiyo tusimtumie Abramu kuhalalisha kumwacha mzee peke yake gizani.

Mwanangu, mimi nimetumika Umasaini miaka mingi, nikuambie nilichokiona. Nilipofika boma la kwanza nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu Yesu. Wazee walinikalisha kwenye kigoda, nikapewa chai ya maziwa matupu, tukaanza kupeana habari. Pale habari ni ndefu, na usiikatishe. Waliniuliza: baba yako yu hai? Mama je? Ng'ombe wao anachunga nani sasa hivi? Nilijibu kwamba tulikaa kikao, mdogo wangu akarudi nyumbani. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, basi huyu ana kwao, tumsikilize. Neno la Mungu nililihubiri baadaye sana.

Mumeo ataulizwa hivyo hivyo. Akijibu kwamba amemwacha mama yake na magoti mabovu, watamkaribisha chai, lakini hawatamkabidhi watoto wao awafundishe.

Sasa upande wa pili, maana nisikupe nusu. Ukishakwenda, nenda kweli. Nimeona wenzetu waliokuwa huku mwili tu. Kila shida ikitokea wanapanda gari kurudi mlimani. Na shida zipo: kiangazi kikikaza, mifugo inahamishwa kufuata malisho, na washarika wako wanaondoka nayo. Unabaki na wazee, watoto na mti mliokuwa mnasalia chini yake. Hapo ndipo utajua kama uliitwa. Jifunzeni Kimaasai, na wewe ukiwa wa kwanza, kwa sababu kina mama watakuja kwako kabla wanaume hawajaja kwake. Na cherehani usiiuze, itakufungulia milango mingi.

Elisha alipoitwa aliomba akawabusu baba na mama yake. Halafu akachinja ng'ombe wake wa kulimia, akapika nyama kwa kuni za vyombo vyao, watu wakala. Aliaga vizuri na hakubakiza jembe la kurudia. Vyote viwili.

Mwanglikana wa Bunia

Salamu kutoka Ituri, Kongo. Huku kwetu tunamkumbuka Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda aliyevuka milima ya Ruwenzori kwa miguu akaingia Mboga, huku Kongo, mwaka 1896. Mtawala Tabaro alimpiga vita, Apolo akapelekwa Fort Portal, Uganda, akiwa amefungwa minyororo. Alirudi, na Tabaro huyo huyo akabatizwa. Baadaye alitumwa tena Toro, upande wa Uganda, akakaa miaka, kisha akarudi Mboga hadi alipofariki mwaka 1933. Aliomba azikwe kichwa kikiwa upande wa magharibi, kwenye msitu wa Wambuti ambao injili ilikuwa haijawafikia wote.

Lakini mama, Apolo hakuwa na mke. Hakuna aliyeuliza nani atalala na njaa akiondoka. Ninyi mmeitwa mkiwa watu wa nyumba, na utii wenu utakuwa wa watu wa nyumba. Je, mama mkwe amewahi kuulizwa yeye anataka nini?

Mama wa Kiborloni

Shikamoo mzee, na asante ndugu wa Bunia.

Jana nilipanda Old Moshi peke yangu, nikamenya naye ndizi, nikamwuliza wazi. Hataki kuja Simanjiro wala Dar. Anataka mtu wa kulala ndani ya nyumba, ng'ombe asiuzwe, na mwanawe aagwe kanisani mbele ya watu, asiondoke kama mtu aliyefukuzwa. Mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne yuko tayari kuhamia, ila shemeji lazima wachange kila mwezi. Mchungaji amekubali kukaa nasi kwenye kikao Jumamosi, na Umoja wa Wanawake watapanga zamu ya kumtembelea.

Mzee, nikipata namba ya mtu wa kunifundisha Kimaasai hapa Moshi, nitaanza wiki ijayo. Unamfahamu yeyote?