PAL, NTSC, SECAM: tuligawanywa na umeme au na siasa?

Mtoa mada: Wakuu, kwema? Nimepanga stoo nikakuta kanda za harusi ya shangazi, alizotutumia kutoka Marekani enzi za deki. Siku tulipoziweka picha ilikimbia juu bila kusimama. Tukazungusha kile kitufe cha nyuma ya TV mpaka ikatulia, nayo ikawa nyeusi na nyeupe. Gauni la bibi harusi halikuathirika, ila keki hatukujua rangi yake hadi leo. Fundi akasema, "Hii NTSC, TV yenu PAL." Kwa nini dunia moja iwe na viwango vitatu vya kurusha picha ya TV ya rangi? Mimi nasema siasa tupu. Ufaransa ya Rais de Gaulle ilikuwa na SECAM, kiwango chake yenyewe, na mwaka 1965 ikakubaliana na Wasovieti waitumie.

Fundi Chogo: Siasa unaipa sifa nyingi mno. Anza na umeme: Marekani Hz 60, yaani mkondo unajirudia mara 60 kwa sekunde, Ulaya Hz 50. TV za mwanzo zilichuja umeme vibaya, na picha isipoendana nao unaona kivuli kinene kinapanda taratibu kwenye kioo. Ndiyo maana Marekani picha ilichorwa kwa mistari 525 kwenye kioo, picha 30 kwa sekunde, na Ulaya 625 kwa 25.

Mzee wa Antena: Fundi, Tokyo umeme ni Hz 50, Osaka 60, na Japani nzima ilitumia NTSC. Hapo vipi?

Fundi Chogo: Umenibana, mzee. Japani walifuata Mmarekani. Lakini tazama Brazili: Hz 60, mistari 525 kama Marekani, rangi wakachukua PAL. Kwa hiyo mistari na rangi ni kesi mbili. Na hata kwenye rangi ufundi upo. NTSC ya rangi ilipitishwa 1953, na mawimbi yakiyumba njiani uso wa mtangazaji unageuka kijani. Walter Bruch wa Telefunken, Ujerumani, akaja na PAL: alama ya rangi inageuzwa kila mstari wa pili, kosa la mstari huu linafutwa na la unaofuata. Huyo alikuwa anaziba pancha, siasa iko wapi?

Mtoa mada: Ujerumani Magharibi ilianza rangi 1967 kwa PAL. Mashariki wakaanza 1969 kwa SECAM. Mistari ile ile 625, kwa hiyo aliyenasa stesheni ya jirani aliona picha safi kabisa, isiyo na rangi. Nchi iliyokatwa vipande viwili, lugha moja! Pancha gani hiyo?

Mzee wa Antena: Hapo nakuunga mkono, ila baadaye Mashariki huko huko ziliuzwa TV za kupokea mifumo yote miwili. Watu walitaka rangi, bwana.

Fundi Chogo: Hiyo ya Wajerumani sibishi. Kanda usizitupe. Tafuta deki ya mifumo yote, na kabla hujachomeka kanda inua kile kifuniko chake cha mbele uangalie utepe. Ukiona unga mweupe ni ukungu, usiiweke, utaua deki.