Tupeane uzoefu: picha ya zamani iliyokufungulia historia ya kwenu

Mtoto_wa_Korona
Habari za Jumapili wadau. Tunapanga vitu vya marehemu babu huku Muheza, na ndani ya kopo la biskuti tumekuta picha ya watu wa kambi ya mkonge. Wamejipanga mistari mitatu, nyuma yao singa, nyuzi za mkonge, zimeanikwa kwenye waya, nyeupe kama nguo za Idi. Wa mbele wamekaa chini, miguu peku, sime mapajani. Nyuma ya picha hakuna jina hata moja. Babu nimemtambua kwa kovu la kwenye paji la uso. Wengine wote siwajui, na wazee wa kuwauliza wanaisha.

Mkonge ndio uliojenga Tanga. Mjerumani Hindorf aliuleta 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Hayo yameandikwa na yanajulikana. Waliokata hayo majani hawajaandikwa popote, na inaniuma sana. Mwenye picha ya namna hii atusimulie ilimfundisha nini kuhusu kwao.

Sogea_Tukae
Nipo, nafuatilia. Bibi yangu alizaliwa kambini Magoma, hana picha hata moja ya utoto wake.

Binti_Forodhani
Asalaam aleikum. Kwetu Unguja tuna picha ya Forodhani ambayo miaka yote tuliambiwa ni ya "enzi za Karume". Nikamwonyesha mjomba, akaitazama mara moja tu: "Hii ni kabla ya vita." Akanionyesha mnara umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani. Ule mnara wa taa ulipigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vile vita vya chini ya saa moja, na haukujengwa tena pale. Mnara wa saa uliokuwa umeshikamana na jumba ulikuja baadaye. Kwa hiyo ukiona mnara mzima mbali na jumba, picha ni ya kabla ya vita vya Agosti 1896. Ukiona saa juu ya jumba, ni ya baada ya hapo.

Na huo wa saa nao haupo. Jumba liliporomoka upande ule tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. Wenye picha za ndani, za milango na ngazi, msizifungie kabatini jamani. Wanaotengeneza wanazihitaji.

Mzalendo_Ilala
Babu yangu alipigwa picha mbele ya sanamu ya Askari pale Samora wakati wa Mjerumani, 1910 hivi. Nitaipandisha.

Mstaafu_Posta
Kijana, haiwezekani. Sanamu ya Askari waliiweka Waingereza, ilizinduliwa 1927.

Mzalendo_Ilala
Mzee, picha ninayo mimi, wewe unabisha nini? Askari anaonekana kabisa.

Mstaafu_Posta
Angalia vizuri. Juu ya jiwe kuna Mzungu amesimama na chini yake askari anamtazama? Hiyo ni sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani. Iliondolewa baada ya Waingereza kuiteka Dar mwaka 1916, baadaye ikapelekwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha 1968. Ya kwetu ya sasa ina askari peke yake na bunduki yenye singe. Na mtaa wenyewe haukuitwa Samora. Ulikuwa Acacia Avenue, ukaja Independence, ndipo Samora.

Mzalendo_Ilala
Kuna Mzungu juu, ndiyo. Lakini babu yangu yupo pale, hilo hulifuti.

Mstaafu_Posta
Simfuti babu yako, mwanangu. Nakwambia picha yako ni adimu kuliko ulivyodhani. Usiikunje.

Mwana_wa_Kisauni
Mombasa hapa. Nyanyangu ana picha yuko kwenye daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea juu ya maboya, la 1931, ambalo magari yalilipia kupita. La sasa la zege lilikuja 1980. Watoto wetu ukiwaambia daraja lilikuwa likinyanyuka na kushuka na maji wanaona wapigwa hadithi.

Lakini mie kilichonivutia ni leso aliyojifunga. Tumechukua kioo cha kukuzia, tukasoma jina lake, na pembeni ile alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya duka la leso la Kaderdina kule Biashara Street. Nyanya aliposikia jina la leso akakumbuka ilinunuliwa harusi ya nani, na papo hapo akataja wanawake wote wanne walio kwenye picha. Kumuuliza "huyu ni nani" alikuwa hakumbuki. Kumuuliza nguo, akafunguka mpaka magharibi. Jaribuni hivyo kwa wazee wenu.

Mama_wa_Bondeni
Mada hii imenitonesha. Sisi tulikuwa tunakaa Jangwani, Dar. Desemba 2011 Msimbazi ulipofurika maji yaliingia usiku, tukapandisha watoto juu ya bati, tukakaa huko mpaka kunakucha. Kitanda, cherehani, mashuka, yote nilishayatoa moyoni hata maji hayajakauka. Ila chini ya godoro kulikuwa na albamu ya mama.

Maji yalipopungua niliikuta kwenye tope imevimba. Ilikuwa zile albamu za kurasa za gundi na nailoni, picha zimegandana. Moja niliyoihangaikia kuliko zote ni ya mama na wenzake wa tawi la TANU siku Bibi Titi Mohamed alipokuja mtaani kwao. Wamevaa kanga sare, mama ndiye mrefu, ameshika kadi juu. Hiyo ndiyo picha pekee ya mama akiwa kijana. Jirani mmoja, kwa huruma tu, alikuja kunisaidia. Akaichukua, akaifuta tope kwa pindo la kanga yake. Sura ya mama ikatoka na tope. Nilibaki natazama ile karatasi, mwili upo, kadi ipo mkononi, shingo ipo, juu ya hapo ni weupe. Jirani naye akaona, akaanza kulia, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Baadaye wengine walipelekwa Mabwepande, sisi tukaenda kwa ndugu Mbagala. Watu walikuwa wananiuliza umepoteza nini, nikisema picha wananiona sina shukrani kwa kuwa watoto wangu wote wazima. Nashukuru, Mungu anajua. Lakini wanangu hawamjui bibi yao sura.

Sogea_Tukae
Pole sana dada. Nimeshindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Fundi_Kamera
Pole mama. Kwa wengine: picha iliyolowa haifutwi kamwe, ile ngozi yenye sura inakuwa laini na inateleza. Itie kwenye beseni la maji safi ya baridi, tope litoke lenyewe, zilizogandana ziachane polepole, kisha laza uso juu kivulini.

Mzalendo_Ilala
Kwetu tulianika juani zikakauka vizuri tu.

Fundi_Kamera
Zikajikunja, au hazikujikunja?

Mzalendo_Ilala
Zilijikunja. Lakini sura zipo.

Dogo_Temeke
Wekeni kwenye mchele, simu yangu ilipona.

Fundi_Kamera
Dogo acha hayo. Nyingine: iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige picha hivyo hivyo juu ya kioo. Nyuma andika kwa penseli laini, kalamu ya wino inapenya mbele. Na msizitie lamineshi. Ikishaingia haitoki.

Mha_wa_Kasulu
Nimesoma ya mkonge hapo juu, na mimi niseme ya kwetu.

Babu yangu aliondoka Kasulu kwenda mkonge baba yangu akiwa hajaanza kutembea. Waha wengi walichukuliwa na SILABU, wakala wa kuajiri watu wa mashamba, ulioanzishwa 1944. Treni ya reli ya kati, kisha malori. Walikuwa wanakwenda kwa mkataba, wengine wakarudi na baiskeli, babu hakurudi. Kilichokuja ni picha moja, mkononi mwa mtu wa kijiji jirani. Babu amevaa koti la studio, mikono imempita, saa mkononi, nyuma pazia lililochorwa bahari na mashua. Bibi aliiweka kwenye kibuyu cha dawa miaka yote, akafa nayo.

Tulivyokua tukaona jambo. Upande wa kulia picha imekatwa kwa mkasi, mstari umepinda. Na kwenye bega la babu kuna vidole vinne. Vidole tu, na pete.

Nyuma kuna muhuri uliofutika, limebaki neno TANGA, na kwa penseli "Ngomeni". Baba alipostaafu akasema twende. Tumefika Ngomeni, tukauliza wazee wa kambi, tukawa tunaonyesha picha nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja akaitazama, hakusema kitu, akatuongoza mpaka kwa bikizee mmoja wa Kibondei. Sebuleni kwake, ukutani, ilikuwepo picha hiyo hiyo. Nzima. Kulia kwa babu amesimama yeye, msichana, mkono begani.

Baba alikaa chini sakafuni. Babu alikuwa ameshafariki zamani, kaburi tulionyeshwa. Tuna baba wadogo watatu na shangazi mmoja, mmoja anafanana na baba mpaka kikohozi.

Sogea_Tukae
Subhanallah!

Dogo_Temeke
Mkuu, nani alikata picha?

Mzalendo_Ilala
Babu mwenyewe. Alikata ndipo akatuma, ili mke wa Kasulu asijue.

Binti_Forodhani
Na vidole akaviacha? Mtu anayeficha angekata vyote. Mimi nasema bibi wa Kasulu ndiye aliyekata. Na kwa nini alikufa nayo?

Mzalendo_Ilala
Dada, wanaume hatuko makini hivyo na mkasi.

Mstaafu_Posta
Waacheni marehemu wapumzike. Wote wawili hawapo kujitetea.

Mha_wa_Kasulu
Bikizee wa Ngomeni anasema yeye hajui picha ilikatwa, alilia alipoiona. Bibi hatukuwahi kumuuliza, na nyumbani kwetu hilo swali hatuliulizi.

Studio_ya_Rangi
Poleni wote. Nina programu ya akili bandia, inatia rangi picha za kale na kujaza sehemu zilizoharibika. Mama wa Bondeni, naweza kurudisha sura ya mama yako bure.

Mwana_wa_Kisauni
Ndugu yangu, hapo utarudisha sura ya mwanamke mwingine. Mie nilitiliwa rangi picha ya daraja. Leso ya nyanya ninayo mkononi, ni nyekundu na nyeusi, programu ikaipaka buluu. Ikamtia na meno ambayo hakuwa nayo. Alipoonyeshwa akauliza, "Huyu nani?"

Studio_ya_Rangi
Inategemea programu. Familia nyingi zimefurahi.

Mstaafu_Posta
Itieni rangi nakala mkitaka, lakini iandikwe wazi kuwa imetiwa rangi na mashine. Baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua, na kanga ya buluu ndiyo itakuwa historia.

Mama_wa_Bondeni
Asante kaka kwa moyo wako. Siitaki. Ila kama kuna mtu mzazi wake alikuwa TANU maeneo ya Ilala na Buguruni, aangalie kabati lake. Picha za siku ile zilipigwa nyingi, kila mwanamke alipewa yake. Mama ndiye mrefu, ameshika kadi juu.

Mtoto_wa_Korona
Mama, nimeinakili hiyo, naisambaza kwa ndugu zangu wa Buguruni leo leo.

Na mimi nimeamua. Naichapisha picha ya babu kubwa, kila kichwa nakipa namba, nazunguka nayo Ngomeni, Magoma mpaka Korogwe. Jina litakalopatikana linaandikwa pembeni ya namba, pamoja na alikotoka. Mha, wazee wa Ngomeni waliokusaidia bado wapo? Nielekeze kwao.

Mha_wa_Kasulu
Yule mzee yupo, macho ndiyo yamepungua. Chapisha kubwa kweli kweli. Nakutumia namba ya baba mdogo faraghani, atakupokea stesheni.

Sogea_Tukae
Ukifika Magoma pitia kwa bibi yangu. Asubuhi ndipo kumbukumbu inakuwa nzuri, baada ya chai. Mnunulie sukari.