Mjadala: Nukuu uliyoichagua ikutambulishe ni mali ya nani?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa sasa. Mtu anapochukua maneno ya mwingine na kuyaweka chini ya picha yake, au kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, au mwishoni mwa kila barua anayoiandika, ili yamtambulishe kwa watu, je, maana ya maneno hayo inabaki kuwa ya aliyeyasema, au inakuwa ya aliyeyachagua?

Nianze na lililonifika mimi mwenyewe. Kwa miaka sita niliweka chini ya picha yangu maneno yasemayo kwamba kinachotutisha zaidi si udhaifu wetu bali ni nguvu tulizo nazo zisizo na kipimo, na chini yake nikaandika jina la Nelson Mandela. Niliyachagua baada ya kuachishwa kazi, katika kipindi ambacho nilikuwa nikiamka alfajiri kwa mazoea, navaa, kisha nakaa ukingoni mwa kitanda nikiwa sina pa kwenda. Nilikuwa nikijiambia: ikiwa mtu aliyekaa kifungoni miaka 27 ndiye anayesema kwamba nina nguvu, mimi ni nani hata nimkatalie? Mwaka huu mwenzangu mmoja kazini aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba Mandela hakuyasema maneno hayo. Nilibisha. Nikaitafuta hotuba ya kuapishwa kwake ya tarehe 10 Mei 1994, ambamo ndimo wengi husema yanapatikana, nikaisoma mwanzo hadi mwisho, na hayamo. Ni maneno ya mwandishi wa Marekani, Marianne Williamson, na yamo katika kitabu chake cha mwaka 1992.

Niliyafuta usiku uleule, na hapo ndipo swali hili lilipozaliwa. Sentensi ilikuwa ileile, haikupungua hata neno moja, lakini ilikuwa imeniishia nguvu mbele ya macho yangu. Nikajiuliza, kwa miaka sita nilikuwa nimeshikilia nini hasa: maneno yale, au jina lililokuwa chini yake?

Hoja yangu ni kwamba anayejitambulisha kwa nukuu anawajibika kujua nani aliisema na aliisema katika mazingira gani, na asipojua, basi aliondoe jina. Natumia neno "anawajibika" kwa makusudi. Jina chini ya maneno ni dhamana. Ni sawa na kumleta mtu mzito asimame nyuma yako wakati unajieleza. Gandhi hupewa kila siku sentensi inayotutaka tuwe badiliko tunalotaka kuliona duniani, ilhali alichoandika mwaka 1913 kilikuwa kirefu zaidi na cha tahadhari zaidi, kwamba laiti tungeweza kujibadilisha sisi wenyewe, mielekeo ya ulimwengu nayo ingebadilika. Tunawatia marehemu maneno midomoni, nao hawana namna ya kukanusha.

Na hata jina likiwa sahihi, mazingira yana uzito wake. Wengi hujitambulisha kwa wosia wa kuwa mkweli kwa nafsi yako, wakiandika chini yake Shakespeare. Katika tamthilia ya Hamlet wosia huo unatolewa na Polonius akimuaga mwanawe, na baadaye baba huyohuyo anamtuma mtu akampeleleze mtoto. Sisemi maneno hayo yasitumike. Nasema anayeyavaa ajue yametoka kinywani mwa nani.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka mleta mada, nimeisoma hoja yako mara mbili, na pole kwa yaliyokupata. Hata hivyo naipinga, na sababu yangu ni mama yangu.

Mama alipata kiharusi kilichomlegeza upande wote wa kulia. Alipoweza tena kushika simu, kwa mkono wa kushoto, jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa maneno yaliyokuwa chini ya picha yake na kuandika "Haba na haba hujaza kibaba". Sisi watoto tuliyasoma tukapita. Ni methali ambayo kila aliyekaa darasani ameiandikia insha, na nakiri kwamba nilidhani ameichagua kwa kuwa ilikuwa fupi na rahisi kuiandika kwa kidole kimoja. Asubuhi moja nilimkuta amesimama katikati ya chumba, ameshika mgongo wa kiti, midomo inacheza. Nilidhani anasali, kumbe anahesabu. Ukutani, kando ya dirisha, kulikuwa na namba ndogo za penseli zilizopinda kwa sababu ziliandikwa na mkono usiozoea kuandika: tatu, nne, nne, sita, tano, saba. Zilikuwa ni hatua za kila siku kutoka kitandani. Na ile siku aliyorudi nyuma kutoka sita hadi tano aliiandika vilevile kama nyingine.

Haba ya mama ilikuwa hatua, na kibaba chake kilikuwa dirisha. Aliyeitunga methali hiyo hajulikani, na hata angejulikana, asingeweza kuniambia lolote kuhusu maana ile ya ukutani. Maana hiyo haikutoka kwa mtunzi. Ilitoka katika mguu wa mama.

Tena wapo watunzi wanaojulikana ambao maneno yao yamegeuzwa juu chini, na wao wenyewe hawakuyakimbilia kuyadai. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich aliandika mwaka 1976, katika makala ya kitaaluma kuhusu wanawake wacha Mungu wa makoloni ya kale ya Marekani, kwamba wanawake wenye mwenendo mzuri ni nadra kuingia katika historia. Alikuwa akisikitika. Alitaka wanawake hao waliosahauliwa wakumbukwe, na alithibitisha nia hiyo kwa kukaa miaka mingi na shajara ya mkunga mmoja, Martha Ballard, aliyezalisha watoto 816 bila kelele yoyote. Kitabu kilichotokana na shajara hiyo kilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Lakini sentensi yake ilipohamia kwenye fulana na vikombe ikawa mwito wa ukaidi: ukitaka kukumbukwa, vunja adabu. Ulrich mwenyewe hakushtaki mtu. Mwaka 2007 aliichukua sentensi hiyo akaifanya jina la kitabu kizima, na ndani yake akazungumzia namna watu walivyoitumia. Kama mwenye maneno ameyaruhusu yaishi maisha mengine, sisi tunamzuia msichana aliyeyavaa kwa haki gani?

Mchangiaji wa pili

Kwa heshima zote, nawapinga nyote wawili, na nitafanya hivyo kwa kutumia shairi moja tu.

Mwaka 1875 Mwingereza William Ernest Henley aliandika shairi ambalo baadaye lilipewa jina la Invictus. Alikuwa amekwisha kukatwa mguu mmoja chini ya goti kwa sababu ya kifua kikuu cha mifupa, na wa pili uliokolewa na daktari wa upasuaji Joseph Lister huko Edinburgh baada ya matibabu ya muda mrefu. Katika ubeti wa mwisho anatangaza kwamba yeye ndiye bwana wa hatima yake na nahodha wa roho yake. Huyo ni mgonjwa anayekataa kuvunjika, na hapo kila mtu anaelewa.

Mandela, ambaye mleta mada ameshamtaja, alilithamini shairi hilo, na inasimuliwa kwamba aliwasomea wafungwa wenzake katika kisiwa cha Robben. Mleta mada atafurahi, kwa kuwa hapa jina ni sahihi na mazingira yanashabihiana. Sasa tusogee hadi tarehe 11 Juni 2001. Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la serikali mjini Oklahoma City mwaka 1995 na kuua watu 168, wakiwemo watoto 19, aliuawa siku hiyo kwa hukumu ya mahakama. Hakutamka neno. Aliacha karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, na kilichoandikwa humo kilikuwa shairi hilohilo la Henley.

Naomba mnielewe. Kanuni ya mleta mada ingewapitisha wote wawili, maana wote walilichukua shairi la kweli la mtunzi wa kweli. Na kanuni ya dada hapo juu, kwamba maana inatoka kwa mchaguzi, ingetulazimu kusema kwamba muuaji naye alikuwa na maana yake ya dhati, na hapo hatuna la kumjibu. Msimamo wangu ni kwamba nukuu haimshuhudii mtu. Kinachomshuhudia ni mwenendo wake, na maneno huja nyuma yakasomwa kwa mwanga wa mwenendo huo. Ukitaka kujua nukuu ya mtu ina maana gani, mtazame yeye, kisha muulize.

Kuhusu majina, Montaigne alishatuonyesha njia nyingine. Mfaransa huyo wa karne ya 16 aliwanukuu watu wa kale mfululizo, na mara nyingi aliyaficha majina yao kwa makusudi, akieleza kwamba anataka wakosoaji wenye haraka wamtukane Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, wakidhani wanamtukana yeye Montaigne. Alitaka hoja ipimwe kwa uzito wake yenyewe. Mleta mada, kama sentensi yako ilikufa ulipolitoa jina, huenda haikuwahi kukufaa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nitasema kidogo tu. Kazi yangu ni kusoma maombi ya kazi, na zamani niliwahi kuweka kando barua ya mwombaji kwa sababu mwishoni aliweka nukuu iliyochakaa kuhusu kuanguka na kuinuka, nikaona ni mtu asiye na fikra zake. Kwa kuwa waombaji walikuwa wachache, aliitwa hata hivyo. Katika usaili aligusia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alirudia mtihani mmoja mara nne. Tangu siku hiyo siwezi tena kudai kwamba najua nukuu ya mtu ina nini ndani yake. Naona sisi tunaosoma nasi tunawajibika, na katika mjadala huu bado hatujatajwa.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango yote. Nimesoma, nikalala nayo, na kuna mahali nimesogea na mahali ambapo bado nimesimama palepale.

Nimesogea kuhusu mazingira. Dada, zile namba za ukutani zimenishinda. Nilikuwa nimeandika kana kwamba maneno yana maana moja iliyofungiwa siku yalipotamkwa, na kwamba sisi wengine tunapewa ruhusa ya kuingia tukiwa na ufunguo. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kuongeza kitu katika sentensi kwa kuishi nayo, kama mama yako alivyofanya. Mpe pole zangu. Hata hivyo naomba uone kwamba methali haina sahihi ya mtu chini yake. Mama yako hakumleta mzito yeyote asimame nyuma yake. Alisimama peke yake, ameshika kiti. Ndiyo maana hakuwa na deni kwa mtu.

Deni hilo ndilo ninaloling'ang'ania. Ulrich aliweza kuamua kuiacha sentensi yake iende kwa sababu watu walijua ni yake. Anayenyang'anywa jina hawezi hata kufanya ukarimu huo. Kwa miaka sita nilimnyima Williamson maneno yake nikampa mtu ambaye hakuyahitaji. Na Montaigne, ndugu mchangiaji wa pili, aliyaficha majina aliyokuwa akiyajua barabara. Kuna tofauti kubwa kati ya kulificha jina unalolijua na kubandika jina usilolijua, na mimi nilikuwa katika kundi hilo la pili.

Kuhusu McVeigh sina jibu la kukutosheleza. Nakubali kwamba kanuni yangu haiwezi kumtenganisha na Mandela, na sikuitunga kwa ajili ya kupima nafsi za watu. Inahusu uaminifu kwa aliyeyasema tu. Lakini uliposema kwamba huenda sentensi yangu haikuwahi kunifaa, hapo umekosea, na ilinichukua siku mbili kujua kwa nini. Nilikitafuta kitabu chenyewe nikaisoma ilikotoka. Nilikuwa nimezoea kuisikia kama amri ya shujaa, nami nikaitii kama askari. Pale ilipo imeandikwa na mtu anayezungumza kuhusu woga wa kawaida, woga wa mtu anayejifanya mdogo ili wenzake wasikwazike, na anasema kwamba kujidogosha hivyo hakuusaidii ulimwengu. Mimi sikuwa nimefungwa miaka 27. Nilikuwa nimeachishwa kazi na nilikuwa nikijificha. Sentensi ya mwanamke huyo ilikuwa inanihusu kuliko ya shujaa niliyemwazia.

Jana nimeirudisha chini ya picha yangu, safari hii ikiwa na jina lake. Yule mwenzangu wa kazini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona, akaja kuniuliza kwa nini nimeirudisha wakati yeye alidhani ameniondolea aibu. Nikamwomba akae, nikamweleza habari za zile alfajiri na ukingo wa kitanda, ambazo kwa miaka sita sikuwahi kumsimulia mtu.