Mnaofundisha kutengeneza pasta nyumbani, kwa nini mnaficha ile nusu saa ya kupumzisha unga?

Wakuu, nina hasira, naomba mnisikilize.

Jumamosi niliingia jikoni kutengeneza pasta mbichi kwa mikono yangu, mara ya kwanza maishani. Nikafuata video moja yenye watazamaji kibao. Mwalimu anasema "dakika 20 tu, hata mtoto anaweza". Vikombe 3 vya unga, mayai 3, kanda, sukuma, kata. Nilianza saa kumi jioni. Tulikula saa tatu usiku, na tulichokula hakikuwa pasta.

Kwanza hivyo vikombe. Kikombe cha unga kinaweza kuwa gramu 120 ukiujaza kwa kijiko taratibu, au gramu 150 ukikizamisha kwenye unga wenyewe. Kipimo cha kawaida cha pasta ya mayai ni gramu 100 za unga kwa yai 1. Maana yake mimi nilikuwa na unga wa mayai manne, nimeutilia matatu! Ukamomonyoka kama udongo mkavu. Nikaongeza maji, ukanasa vidoleni. Nikaongeza unga. Nikaongeza tena maji.

Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni la kupumzisha. Kwenye video jamaa anakanda, picha inakatwa, mara donge linasukumwa laini kama kitambaa. Hakuna neno hata moja kuhusu kilichopita katikati. Mimi nikakanda dakika 10 mpaka mabega yanawaka, nikashika mti wa kusukumia hapo hapo. Nasukuma, linakwenda. Nikiinua mti, linajikunja na kurudi lilikotoka. Nikabana ukingo mmoja kwa kiganja, nikavuta upande wa pili, likachanika katikati. Saa nzima niko kwenye hilo, nikiamini mikono yangu ndiyo mibovu. Kumbe unga ukishakandwa gluteni, ile protini ya ngano inayoufanya uvutike, inakaza, na dawa yake ni kulifunika donge lisikauke, uliache nusu saa lilegee. Basi! Jambo la kusema kwa sentensi moja, na mtu hasemi kwa sababu linaharibu zile "dakika 20" zake.

Nikaishia kukata mikanda minene. Hakusema inyunyizwe unga ikishakatwa, kwa hiyo nilipogeuka kuweka maji jikoni ikawa imeshikana bonge moja. Halafu "chemsha dakika 10". Hizo ni dakika za pasta kavu ya pakiti! Mbichi iliyosukumwa nyembamba inataka dakika 2 au 3. Yangu nje ilikuwa uji, ndani unga mbichi. Na yale mafuta aliyosema tutie kwenye maji yanaelea juu tu, hayazuii pasta kushikana. Kinachosaidia ni maji mengi yanayochemka sana na kukoroga mwanzoni.

Bologna, kule Italia, mwaka 1972, walipeleka kipimo cha tagliatelle, pasta yao ya mikanda, kwenye chemba ya biashara kikasajiliwa rasmi: upana wa milimita 8 ikishapikwa. Watu wenye chakula chao wanahesabu mpaka milimita. Huyu anayefundisha maelfu ya watu hawezi hata kununua mizani?

Jumapili nilirudia baada ya kusoma kwingine. Gramu 200, mayai 2, nikakanda, nikafunika kwa bakuli, nikaondoka. Niliporudi lilikuwa donge jingine kabisa. Likasukumika bila ubishi mpaka nikaweka mkono chini yake nikaona vivuli vya vidole vyangu. Dakika 2 kwenye maji. Watoto waliosukuma sahani zao jana yake wakaomba nyongeza, na hapo ndipo hasira iliponipanda upya, maana Jumamosi yangu yote iliharibika kwa kitu ambacho huyo mtu anakijua vizuri.

Nikamwandikia chini ya video yake, kwa adabu, aongeze maneno haya tu: "pumzisha nusu saa".

Ameyafuta.