Naomba ushauri: picha za zamani zimegandana na albamu

Habari zenu wakuu. Naishi Birmingham, Alabama, Marekani, na najitolea kwenye kikundi kinachotunza Rickwood Field, uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 1910. Hapo ndipo nyota wa besiboli Willie Mays alipochezea timu ya weusi ya Black Barons mwaka 1948, enzi ambazo weusi na weupe hawakuruhusiwa kukaa pamoja jukwaani.

Mzee mmoja ametuazima albamu ya miaka hiyo. Picha zimeng'ang'ania gundi ya kurasa. Nikiinua pembe kidogo tu, karatasi ya nyuma inaanza kuchanika. Nimepitisha uzi wa kusafishia meno, unakwama katikati. Maji nayaogopa.

Mliowahi kufanya kazi ya nyaraka au studio, kuna njia salama ya kuzibandua? Au niziskani hapohapo zilipo, albamu nimrudishie mwenyewe ilivyo?