Tupeane uzoefu: uliishije tangu siku ya kupeleka korosho hadi siku ya kupokea fedha?

Mwanzisha mada, Newala

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, kila msimu tunajadili bei ya mnada, na ni haki yetu, lakini kwa miaka niliyolima nimeona kwamba bei ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni zile siku ambazo korosho imekwisha kutoka mikononi mwako na fedha haijafika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwetu katika msimu wa 2007/08, mkulima hauzi tena pale pale kwenye mzani. Anapeleka magunia kwenye chama cha ushirika, yanapimwa na kupangwa kwa gredi, yanasafirishwa hadi ghala kuu, kisha yanasubiri mnada. Siupingi mfumo huo, kwa kuwa ninawakumbuka wanunuzi waliokuja na mizani yao na bei yao, na ukikataa wanageuza gari.

Nianze mimi. Miaka ile ya mwanzo tulilipwa kwa awamu: chama kilikopa benki, tukapewa malipo ya kwanza kwa kufuata bei dira, yaani bei ya chini iliyotangazwa kabla ya msimu, kisha tukasubiri ya pili baada ya mauzo. Katika msimu wa 2011/12 nilinunua bati 20 kwa malipo ya kwanza, nikapandisha kuta kwa kutegemea ya pili, kumbe riba ya mkopo ilikuwa inahesabiwa kila siku mzigo ulipokaa bila mnunuzi, ikala malipo ya pili. Bati zile zililala chini ya kitanda masika yote, na kuta zikamomonyoka. Kwa hiyo niliposikia Aprili 2013 kwamba Liwale nyumba zimechomwa moto kwa ajili ya malipo ya korosho, sikuunga mkono, lakini sikuhitaji kuelezwa chanzo chake.

Mkulima, Tandahimba

Kwangu ni msimu wa 2018/19. Tulikataa bei mnadani, kwa kuwa wanunuzi walitaja chini ya shilingi 3,000 kwa kilo ilhali tulikwisha kuionja 4,000. Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na malori ya Jeshi yakaja kuisomba. Tulishangilia, sitaficha.

Likafuata suala la uhakiki. Aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba lake, ili wenye kangomba, yaani wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo, wasilipwe jasho la wengine, jambo ambalo lilikuwa na mantiki. Tatizo ni kwamba kilo zangu 2,340 hazikuwa zangu peke yangu: kulikuwa na za dada yangu mjane na za mjomba, ambaye akaunti yake ilikuwa imelala miaka mingi. Siku hiyo nilizunguka na wahakiki tangu asubuhi, mkorosho kwa mkorosho, na mjomba akaletwa kwa pikipiki, akashuka, akaushika mti wa kwanza na kusema kwamba aliupanda mwaka alipooa. Wahakiki walituelewa, kosa la kuunganisha mizigo lilikuwa letu. Hata hivyo shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa, na dada alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa.

Jambo moja ambalo hatukulifikiria siku ya kushangilia ni kwamba anayenunua yote hulazimika naye kutafuta wa kumuuzia. Serikali iligeuka mkulima kama sisi, ghala limejaa na soko la nje halina haraka.

Mwenye duka, Masasi

Mimi silimi, lakini ninasubiri kama ninyi. Daftari langu la mkopo hunenepa kuanzia Julai, watu wanaponunua salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hadi mnada ufanyike. Malipo yakichelewa wiki tatu, nami ninachelewa kumlipa wa jumla, naye hapokei stakabadhi ya ghala. Wiki ambayo fedha zinaingia, ninauza bati na magodoro mengi zaidi kwa siku nne kuliko kwa miezi minne iliyopita.

Mbanguaji, Mtwara mjini

Samahanini, wakulima, sisi akina mama tunaobangua tunasubiri upande wa pili wa ukuta. Kikundi chetu hubangua kwa mkono, utomvu wa ganda ukitubabua vidole hata tukijipaka mafuta, lakini korosho ghafi hupita mbele ya mlango wetu kwenda bandarini na sisi hatuna ya kubangua. Kununua mnadani kunahitaji mtaji wa tani nyingi kwa mkupuo, mtaji ambao kikundi cha watu kumi na wawili hakina.

Viwanda vikubwa vilijengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya nje, vingi vikasimama, na vingine vikageuka maghala ya korosho hiyo hiyo inayosafirishwa ghafi. Ushuru wa kuisafirisha, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, ulikuwa unarudisha sehemu kubwa kwenye zao, asilimia 65, hadi Bunge lilipobadili sheria mwaka 2018 na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Ninaelewa kwamba nchi ina barabara na hospitali za kugharamia. Ila ushuru ule ulikuwa ndio hoja ya kuifanya korosho ibanguliwe hapa, na mimi bado ninabangua kwa nyundo ya mti.

Mkulima, Nachingwea

Niseme lisilosemwa: mimi niliwahi kuuza kangomba. Ilikuwa Agosti, mtoto amelazwa, maua bado yako mtini, na jirani mwenye fedha akanipa kwa kipimo cha bakuli chini ya nusu ya bei niliyoiona mnadani baadaye. Nilijua kwamba ni kosa kisheria. Chama hakikopeshi mwezi wa nane.

Mwanzisha mada, Newala

Ndugu wa Nachingwea, pole kwa mtoto, na asante kwa ujasiri. Wanaofuata waeleze pia mwezi walioishiwa fedha, kwa sababu ninaona wengi tunataja Agosti na Januari, na hakuna mnada unaofanyika Agosti.